Mduara wa Mawakili Wanne: Namna ya Kuuanza Usife

Mwaka 2019, asubuhi ya kesi niliyoijua nje ndani, nilikaa garini kwenye uwanja wa mahakama, kola nyeupe shingoni, mkono kwenye kitasa cha mlango. Mkono ukakataa. Karani wangu alipiga simu mara tatu. Ya nne nikapokea, nikamwambia gari limeharibika. Gari lilikuwa zima.

Tangu hapo nakusanya mawakili wenzangu hapa Kisumu tuzungumze mambo ya afya ya akili. Nimekosea vya kutosha kukuonyesha njia.

Anza na watu wanne. Mimi nilianza kwa kutangaza kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya mawakili. Nikapata vidole gumba tele na mgeni mmoja, naye alikuja kuniomba nimshikie kesi Siaya. Tafuta watu unaoweza kuwaambia umeshindwa kesi bila kuongeza "lakini yule hakimu..."

Kama wawili wenu mnapambana mahakamani, kesi hiyo haiguswi mezani. Jina la mteja halitajwi kamwe. Siri yake inalindwa na Sheria ya Ushahidi, na kulemewa kwako hakukupi ruhusa ya kuigawa. Sema "lile faili la shamba", yatosha.

Usiulize "mko aje?" Wakili atajibu "niko poa", aagize chai. Mimi huuliza: ni faili gani lililokuamsha usiku? Nilidhani nitasikia habari za maiti na wateja wakali. Wapi! Wengi huamshwa na tarehe za mwisho za kuwasilisha hati. Rufaa ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, siku 30. Ilani ya kwenda Mahakama ya Rufaa, siku 14. Fidia ya ajali, miaka 3. Saa nane usiku hukumbuki kama uliwasilisha au uliota tu kwamba umewasilisha.

Kwa hiyo kikao chetu cha kwanza hatukufumba macho kuvuta pumzi. Tulinunua madaftari manne makubwa ya jalada gumu. Kila faili hupata tarehe mbili: ya sheria kwa wino mwekundu, na yako mwenyewe, siku 7 kabla, kwa bluu. Karani ana nakala. Ijumaa saa kumi na nusu wewe naye mnalipitia daftari pamoja, kila tarehe inasomwa kwa sauti, daftari linafungwa na kulala ofisini. Tangu hati zianze kuwasilishwa mtandaoni, mlango wa masjala uko wazi usiku kucha. Itabidi uufunge wewe.

Faili za mauaji na unajisi zina uzito wa aina nyingine. Picha zitazame mchana, ofisini, mtu akiwa chumba cha pili. Kisha tembea. Sisi hushuka barabara ya Dunga, tukapita hifadhi ya Impala, hadi ziwani, na hakuna anayelazimishwa kuongea.

Mwenzako akianza kufanya mzaha juu ya kifo chake, usicheke. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, wala usimwache peke yake. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na pale "Russia", hospitali ya Jaramogi, kuna huduma za afya ya akili. Mpeleke wewe mwenyewe. Mawakili wengine huogopa kwa kuwa wanakijua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Mwambie hivyo.

Likizo nayo ichukueni. Kati ya Desemba 21 na Januari 13, muda uliowekwa na kanuni za madai au amri ya mahakama hauhesabiwi. (Ule wa sheria ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, unaendelea, usije ukanilaumu.)

Mwisho ni pesa. Miezi miwili tulikutana mahali pa samaki, na wakili chipukizi tuliyempenda sana akaacha kuja. Kumbe hakuwa amelipwa na ofisi yake, na aliona haya kusema. Sasa tunakutana ofisini kwangu. Chai ni yangu, mandazi anunue anayeweza.