Somo: Kukadiria ukuaji wa ufa kwenye zege linalobeba mizigo ya kujirudia

Wadau, wengi wetu kanuni ya Paris ya mwaka 1963, fomula inayotoa ukuaji wa ufa kwa kila mzunguko wa mzigo, tuliifahamu kupitia chuma. Ukiipeleka kwenye zege na tarakimu zilezile, jibu linakosea vibaya. Tutumie boriti ndogo isiyo na nondo, yenye mkato chini katikati, inayobonyezwa kutoka juu.

Hatua ya 1: Ipasue moja kwa mzigo wa mara moja. Unataka ugumu (E), nguvu ya kuhimili kuvutwa (ft) na nishati ya kupasua (Gf). Kokotoa E × Gf ÷ ft². Kwa GPa 30, N/m 100 na MPa 3 unapata takribani mm 333. Urefu huo ni onyo: mbele ya ncha ya ufa kuna eneo kubwa la nyufa ndogondogo, na kokoto bado zinashikilia pande zote mbili. Hillerborg na wenzake waliliwekea modeli mwaka 1976.

Hatua ya 2: Kwenye programu ya kukokotolea, gawa boriti kwa elementi, yaani vipande vidogo. Njiani mwa ufa anza na mm 5, kisha zipunguze nusu uone kama jibu linatulia.

Hatua ya 3: Hapa ndipo penye kazi. Ufa hukua kwa C × ΔK^m kila mzunguko: ΔK ni tofauti ya ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa kati ya mzigo mkubwa na mdogo wa mzunguko, na C na m ni tarakimu za nyenzo zinazotokana na majaribio. Kwa chuma m huwa kati ya 2 na 4. Bažant na Xu, mwaka 1991, walipata kama 10 kwa zege. Mzigo ukizidi makadirio yako kwa asilimia 10 tu, ufa unakua mara 2.6 ya ulivyodhani! Kwa hiyo nenda kapime mizigo halisi kabla ya kuhangaika na programu. Pia jaribu boriti za ukubwa tofauti, maana C ya boriti ndogo haifai kwa kubwa.

Hatua ya 4: Usihesabu kila mzunguko. Ruka mpaka ufa uongezeke mm 0.5, kokotoa ΔK upya, endelea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kukiwa na nondo?*
Ziingize kama kani inayoufunga ufa. Zikague nazo, kwa sababu kwenye boriti za kawaida zinazopinda mara nyingi nondo ndiyo hukatika kwanza.

*Ufa wangu wa maabara ulianza kwa kasi, ukapoa, kisha ukakimbia. Nimekosea vipimo?*
Hujakosea, ndugu. Mwanzoni lile eneo la nyufa ndogo linajengeka na kuongeza ukinzani. Kanuni ya Paris peke yake haioni kupoa huko. Itumie kuanzia pale kasi inapoanza kupanda tena.