Kuingia Main Event ya Las Vegas: nilivyompitisha binamu yangu

Huu ni mwaka wa pili namsindikiza binamu yangu wa Mombasa kwenda Las Vegas kucheza Main Event, shindano kuu la mashindano ya poka ya World Series of Poker (WSOP), lile la kiingilio cha dola 10,000. Safari ya kwanza nusura arudi bila kushika karata, na kosa lilikuwa langu. Naandikia anayejua tayari kucheza Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa humo.

Hatua ya 1: Viza

Ya kutembelea inatosha. Uwe umetimiza miaka 21. Omba mapema, mengine unayajua.

Hatua ya 2: Tafuta tiketi

Unaweza kulipa elfu kumi taslimu, au ukapitia satelaiti, yaani shindano dogo ambalo tuzo yake ni tiketi ya lile kubwa. Mimi ni mtu wa satelaiti. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingilia satelaiti ya mtandaoni ya dola 86, akawabwaga wengine 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Miaka mitatu baadaye walijitokeza watu 8,773. Na Main Event haina kununua nafasi ya pili: ukitoka, umetoka.

Hatua ya 3: Kufikisha pesa (soma mara mbili)

Tulikuwa chama cha watu sita tuliochangia kiingilio, kila mmoja na asilimia yake ya ushindi. Mweka hazina wetu akatuma pesa kutoka akaunti yake, mimi ndiye niliyemwambia atume. Zikakataliwa. Pesa za kiingilio zikitumwa kwa benki lazima zitoke kwenye akaunti yenye jina la mchezaji mwenyewe. Si la mke, si la kaka, si la chama.

Tuligundua Ijumaa jioni, siku ya mwisho ya kuanza shindano ikiwa karibu. Simu baada ya simu, saa tisa nzima, huku binamu amekaa kitandani hotelini akichanganya karata na kuzipanga upya bila kusema neno. Mwishowe nilitoa akiba yangu mwenyewe, tukalipa dirishani.

Kwa hiyo: changeni kwenye akaunti ya mchezaji wiki tatu kabla. Linganisha majina. Pasipoti yenye majina matatu na akaunti yenye mawili ni maswali ya bure. Ukibeba taslimu zaidi ya dola 10,000 kuingia Marekani, zitangaze uwanja wa ndege. Kubeba si kosa, kuficha ndiko kosa.

Na andikianeni mkataba kabla ya ndege. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo ushindi hukatwa kodi ya 30% palepale. Mgao uhesabiwe baada ya kodi. Zawadi ya chini kabisa mwaka 2024 ilikuwa dola 15,000. Toa kiingilio, toa kodi, toa nauli na hoteli, gawa kwa sita. Hiyo ni pesa ya pilau. Bora wanachama wajue mapema kuliko kununiana Eid nzima.

Hatua ya 4: Usajili

Programu ya simu ya WSOP+, pasipoti, kadi ya uanachama ya kasino iitwayo Caesars Rewards. Nenda asubuhi.

Hatua ya 5: Zoea ante mpya

Aliyejifunzia video za zamani ataumia hapa. Ante ni chipu za lazima zinazowekwa mezani kabla ya karata kugawiwa. Zamani kila mchezaji alitoa yake kidogo kidogo, na mgawa karata alipoteza muda akimkumbusha huyu na yule. Tangu 2019 katika Main Event, mwenye blaindi kubwa (dau la lazima linalozunguka meza kwa zamu) ndiye anayelipia meza nzima. Chukua kiwango cha blaindi ndogo 1,000 na kubwa 2,000: blaindi kubwa anatoa 2,000, na ante nyingine 2,000. Elfu nne zimeondoka kwa mkupuo. Ukiwa na 20,000, moja ya tano ya mali yako imekwenda kabla hujaona karata. Mimi husema: chipu zikipungua, tafuta pa kuziweka zote kabla zamu hiyo haijakufikia, usisubiri malkia wawili.

Mwanzoni usihangaike. Unapewa chipu 60,000 na kila kiwango ni saa mbili. Subira inalipa.

Kuhusu programu za kukokotoa namna bora ya kucheza kila mkono, yaani kila mzunguko wa karata, vijana wanaziabudu. Zitumie nyumbani. Mimi nampa binamu daftari na kalamu, aandike mikono yake usiku. Ukumbini ni marufuku kabisa: tangu 2025 kanuni inakataza chati na misaada ya kielektroniki eneo lote la mashindano, watazamaji wakiwemo.

Hatua ya 6: Mdomo mezani

Tamka kwanza, ndipo uweke chipu. Ukitupa chipu moja kubwa kimya kimya, hata ya 5,000, umelinganisha tu dau, hujaongeza. Binamu alikosea hivyo siku moja akiwa na wafalme wawili, karata za kuongeza dau.

Tena, mkono ukiendelea, lugha ni Kiingereza pekee. Mwaka huu alimkuta Mtanzania meza moja naye, na kwa furaha akamwambia, "Shikamoo mzee, hizo umepata nini?" Mgawa karata akamwita msimamizi. Mzee alikwishaitikia marahaba, naye akaonywa.