Namna ya kuirudia michezo ya Atari kupitia mkusanyiko wa Atari 50

Mkusanyiko wa Atari 50, wa michezo ya zamani ya video ya kampuni ya Atari, uliotolewa mwaka 2022 na studio ya Digital Eclipse, una michezo zaidi ya 100, na kosa la kwanza ni kuiendea orodha nzima bila mpango. Anza na sehemu ya historia, inayopanga michezo, picha na mahojiano kwa kufuata miaka, ili uielewe Pong ya mwaka 1972 kabla ya kuicheza.

Kabla ya mchezo wowote wa Atari 2600, mashine ya kampuni hiyo ya kuchezea nyumbani, fungua kijitabu chake cha maelekezo kilichomo humo humo, kwa sababu michezo hiyo haikueleza chochote kwenye skrini. Adventure ya mwaka 1980 ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi: mchezaji ni mraba mtupu, mazimwi yanafanana na bata, lakini ndani yake mtengenezaji wake, Warren Robinett, alificha chumba chenye jina lake, kwa kuwa kampuni haikuwatambua waandishi wa programu. Chumba hicho kitafute mwenyewe kwanza, kwa subira, bila kusoma majibu mtandaoni.

Michezo ya Jaguar, mashine nyingine ya Atari iliyokuja baadaye, iache mwisho.