Somo: Kuyasoma maji ya kwenu pamoja na majirani, kuanzia michanga ya Shela hadi kisima cha uani

Assalamu alaykum jamaa. Somo hili ni la walimu, vijana wa vikundi vya mazingira na yeyote anayetaka kuyachunguza maji ya mtaa wake akiwa na wenyeji wenzake. Mifano naitoa Lamu, kwa sababu hapa maji ya bomba ya mji yanategemea kitu tunachokiona kwa macho kila siku: vile vilima vya mchanga vya Shela.

Msimamo wangu nautanguliza. Kisima hakichunguzwi peke yake. Maji yaliyo chini ya kisima chako ni yale yale aliyo nayo jirani, hoteli na msikiti, na yanamjibu kila anayeteka. Ukipima kisima kimoja, umepima ndoo. Mimi nataka tupime mchanga, mvua, bahari, pampu, vyoo na watu kwa pamoja, kwa sababu ndivyo wanavyoishi, pamoja.

Kwanza fahamu maji yanavyokaa chini

Mvua ikinyesha juu ya mchanga mtupu, sehemu kubwa huzama kabla haijapata pa kutiririka. Huko chini hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka kando za kisiwa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, na ya mvua gramu 1,000. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotuweka hai: maji matamu huelea juu ya ya chumvi.

Mholanzi Badon Ghyben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kivyake, walikokotoa uwiano wake. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Fikirini jahazi lililopakia: sehemu kubwa ya mwili wake imo ndani ya maji, na kile kidogo kinachoonekana juu ndicho kinachokueleza kilichozama.

Sasa geuzeni hesabu. Tuseme maji kisimani yako nusu mita juu ya usawa wa bahari. Chini yake pana mita 20 za maji matamu. Kiangazi kikaja, pampu zikavuta, maji yakashuka sentimita 10. Mwenye kisima ataongeza kipande cha kamba na kuendelea na shughuli zake. Lakini kule chini, hali hiyo ikidumu, maji ya chumvi yatapanda karibu mita 4. Hayapandi siku hiyo hiyo. Yanakuja polepole, na hayaji na mstari ulionyooka, bali kwa mchanganyiko wa matamu na chumvi. Kwa hiyo chumvi unayoionja mwezi huu huenda ni matokeo ya kuvuta kwa misimu iliyopita, na mvua ya leo haitaifuta kesho. Kuchelewa huku ndiko ninakotaka mkukumbuke kuliko jambo lingine lolote katika somo hili, maana ugomvi mwingi wa visima unatokana nako. Anayelaumiwa ni aliyeweka pampu jana, na sababu ni ya muda mrefu, ya wengi.

Hatua ya 1: Kubalianeni mpaka

Msichukue mpaka wa kata wala wa lokesheni. Maji hayaujui. Anzieni kilele cha mchanga, mshuke hadi pwani, na muingize kila kinachogusa maji katikati: visima vya nyumba, vya misikiti, vya hoteli, vya kampuni ya maji, mabomba, vyoo vya shimo, mahali mchanga unapochotwa kwa ujenzi, paa zinazokinga mvua. Kisha jiulizeni ni nini kilicho nje ya mpaka lakini kinaamua yaliyo ndani. Mvua ya masika na vuli ni mfano. Bei ya umeme au dizeli ya pampu ni mfano mwingine, na watu huusahau.

Hatua ya 2: Ruhusa

Nendeni kwa wazee wa mtaa, imamu, chifu na afisi ya maji ya kaunti. Visima vingi vya misikiti ni wakfu, vina wasimamizi. Msifungue kifuniko kabla ya kuwaona. Kama kazi ni ya chuo, Kenya inataka kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Hatua ya 3: Tembeeni, sikilizeni, chorea mchangani

Mjuzi wa maji mtaani si lazima awe mwenye kisima. Mchukuzi anayepakia madumu juu ya punda anajua kisima gani hukauka kwanza na nyumba gani zimeacha kunywa maji ya bomba. Mama anayepika chai kila alfajiri anajua mwezi ambao ladha hubadilika. Tembeeni nao kutoka kilimani hadi pwani, kisha kaeni chini mchore ramani mchangani: kombe kwa kila kisima, kijiti kwa kila choo, kamba kwa bomba. Ramani ya mchangani ina faida moja kubwa: yeyote anaweza kuinama akasogeza kombe, hata asiyewahi kushika kalamu.

Kaeni na wanawake peke yao kwanza. Nasema hivi kwa uzito. Katika mkutano wa pamoja mara nyingi wanaume wataeleza pampu, na habari ya nani huamka saa kumi alfajiri kufuata maji haitasikika.

Ulizeni pia ya zamani. Ng'ambo ya Shela, kisiwani Manda, upo mji wa Takwa uliohamwa karne ya 17, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni maji ya visima kugeuka chumvi. Watu wa Shela wanajinasibisha na Takwa, na wamekuwa wakivuka kwenda kwenye kaburi la mnara kuomba mvua. Mtu anayejua habari hiyo hahitaji kufundishwa kwamba mji unaweza kuhamishwa na kiu.

Hatua ya 4: Pimeni, na pimeni tena

Chagueni visima vichache vilivyosambaa: kimoja karibu na mchanga, vya katikati, kimoja karibu na bahari. Kila kimoja pimeni:

- kina hadi kwenye uso wa maji, kwa futi kamba yenye uzito, kutoka alama ile ile ya ukingo;
- chumvi, kwa kipima upitishaji umeme cha mkononi;
- saa, hali ya bahari, na siku tangu mvua ya mwisho;
- aliyeteka kabla yenu, na kwa ndoo au pampu.

Hali ya bahari si pambo. Wakati wa bamvua kubwa, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na visima vya karibu na pwani hupumua nayo. Ukipima leo kujaa na wiki ijayo kupwa, utadhani mvua imefanya kazi ambayo imefanywa na mwezi. Chagueni wakati mmoja wa maji mkae nao. Manahodha wenu watawapangia bamvua na maji mafu, siku bahari inaposogea kidogo, bila kufungua kitabu.

Kipimo cha upitishaji umeme husomeka kwa maikrosimensi kwa sentimita, na chumvi ikizidi nacho huzidi. Maji ya bahari ni kama 50,000. Zidisha kipimo cha kisima kwa 0.65 utapata takribani miligramu za chumvichumvi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba chini ya 600 ladha huwa nzuri kwa kawaida, na kupita 1,000 maji huzidi kuwachukiza wanywaji. Hii ni habari ya ladha, si ya usalama. Kisima kitamu kabisa kinaweza kuwa na vijidudu vya choo kilicho hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo ombeni afisi ya afya ya umma ipime vijidudu.

Endeleeni kaskazi na kusi, kiangazi na masika. Vipimo vya wiki moja havina la kusema.

Hatua ya 5: Chora mfumo

Karatasi kubwa, ukutani. Katikati andika hazina: maji matamu chini ya mchanga. Mshale unaoingia: mvua iliyozama. Mishale inayotoka: visima, pampu, na maji yanayojitokea pwani yenyewe. Halafu fuateni mishale inayojirudia, kwa sababu humo ndimo mfumo ulimo.

Upo mzunguko unaotuliza: maji yakiwa machache bei ya dumu hupanda, watu hubana matumizi, kisima hupumzika. Na upo unaoongeza moto: visima vya kina kifupi vikiingia chumvi, mwenye uwezo huchimba kirefu zaidi na kuweka pampu. Kwetu kwenda chini ni kuifuata chumvi. Pampu inaivuta juu, majirani wengine wanaharibikiwa, nao wanachimba au wananunua. Mzigo wote unamwangukia asiye na pesa ya kuchimba wala kununua. Mchoro usiomwonyesha mtu huyo haujakamilika.

Nyumba na vyoo vinavyojengwa juu ya michanga viwekeni pia. Sakafu na paa huzuia mvua kuzama, choo huongeza uchafu, na mchanga uliochotwa haurudi kwa mvua moja.

Hatua ya 6: Rudisheni barazani

Matokeo yasomwe mtaani kabla hayajapelekwa kokote, kwa Kiswahili, penye mchoro. Msitaje kisima cha mtu kuwa kichafu mbele za watu. Mwambieni faraghani kwanza. Kisha chagueni jambo moja dogo la kujaribu, kama zamu za pampu wakati wa kiangazi, na endeleeni kupima mwone kama maji yanajibu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Malindi: Mwalimu, sisi maji yetu ya bomba hutoka Baricho, mto Sabaki. Mpaka tuuweke wapi?*

Ndugu, hapo una mipaka miwili. Ule mdogo ni mtaa wako: bomba, tangi, kisima cha uani. Ule mkubwa ni mto wenyewe, ambao huko juu huitwa Athi, kisha Galana, na unaanzia nyanda za juu jirani na Nairobi. Bahari ya Malindi inapogeuka kahawia wakati wa mvua, huo ni udongo wa mashamba ya mbali. Huwezi kuuchunguza mto wote. Chunguza mdogo kikamilifu, na kwa mkubwa andika mambo mawili tu kila wiki: rangi ya mto darajani na siku bomba lilipokatika. Baada ya mwaka utakuwa na kitu cha kuweka mezani.

*Kikundi chetu cha wasichana hakina pesa ya kipima chumvi. Tuache?*

Msiache, binti zangu. Futi kamba inatosha kuanza, na kina cha maji ni nusu ya habari. Kwa chumvi, mwombeni mwalimu wa kemia wa sekondari matone ya nitrati ya fedha. Ukitia tone kwenye maji ya mvua safi, hubaki karibu angavu. Kwenye maji yenye chumvi hufanya wingu jeupe, na chumvi ikizidi wingu huwa zito. Pangeni chupa za visima mstari mmoja mlinganishe. Vaeni glavu maana inatia madoa, na maji hayo yasinywewe wala kumwagwa kisimani.

*Maalim, watafiti wamekuja kwetu miaka na miaka. Wanatuuliza, wanaandika, wanakwenda zao. Kwa nini tuwajibu hawa wenu?*

Mzee wangu, shikamoo. Una haki, na jibu lako liwe masharti. Daftari la vipimo libaki mtaani, na nakala ndiyo iondoke. Wapimaji wawe vijana wenu. Tarehe ya kurudi barazani iandikwe kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Anayekataa masharti hayo, mpeni chai aende na amani.

*Mwenye hoteli atakubali vipi kupunguza pampu? Ana pesa, ana mawakili.*

Atakubali akiona kwamba kisima chake kimo kwenye mchoro. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alifanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu, uliokamilika 1965, juu ya bonde la maji ya chini huko Los Angeles lililokuwa likiingiliwa na bahari. Wavutaji wakubwa walikuwa makampuni na miji, wenye mawakili wengi kuliko hoteli yoyote ya hapa. Walianzisha chama, wakakubali kupimwa kiasi wanachovuta, wakapunguza kwa makubaliano yaliyothibitishwa mahakamani. Hapa Kenya, Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Undeni chama, mwalikeni hoteli awe mwanachama, na mita yake isomwe sawa na ya wengine.

*Sisi wa Pate tuna jabia za kukinga mvua. Hizo nazo ni za somo hili, au ni visima tu?*

Ni zenu kwa ukamilifu, tena hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Sakafu ya kukingia yenye mita mraba 60, ikipata milimita 100, inapokea lita 6,000. Toeni sehemu ya tano kwa kinachopotea, mnabaki na 4,800. Gawanyeni kwa watu na siku za kiangazi mjue jabia itafika lini. Andikeni pia nani anapewa zamu ya kuisafisha kabla ya masika, maana jabia nyingi hazishindwi na mvua, zinashindwa na zamu. Mbu msiwasahau: wazee waliweka samaki wadogo ndani ya birika, tangi la maji la nyumbani, ili wawe wanakula viluwiluwi, na bakuli likalazwa chini ili samaki wabaki na maji birika likikauka. Mkipata bado familia inayofanya hivyo, ombeni ruhusa mwaandike namna wanavyowatunza.