Jinsi ya Kujenga Kurasa za Wavuti Zinazofikiwa na Watu Wote kwa Kufuata Viwango Huria

Mtu asiyeona hausomi ukurasa kama ulivyochorwa kwenye skrini. Huusoma kama kivinjari kilivyoueleza. Wajenzi wengi wa tovuti hawalijui jambo hili, na makosa mengi ya ufikivu huanzia hapo. Kivinjari kinapopokea HTML, yaani lugha ya tagi inayounda ukurasa, huchora kinachoonekana kwa macho, na sambamba na mchoro huo huunda kile kinachoitwa mti wa ufikivu, ambamo kila kitu huandikiwa aina yake, jina lake na hali yake: hiki ni kitufe, kinaitwa "Tuma", kwa sasa hakibonyezeki. Mti huo hukabidhiwa mfumo endeshi wa kompyuta au simu, na kutoka hapo visoma skrini kama NVDA, JAWS, VoiceOver, TalkBack na Orca huuchukua na kuugeuza kuwa sauti au maandishi ya nukta nundu. Kazi ya mjenzi ni kuhakikisha kwamba mti huo unasema kweli, na njia ya uhakika ya kuifanya ni kuandika kwa viwango huria ambavyo vivinjari tayari vinavielewa.

Viwango vitatu vinatosha kuanzia. HTML hutunzwa na WHATWG, kundi lililoanzishwa mwaka 2004 na watu kutoka Apple, Mozilla na Opera, na tangu mwaka 2019 shirika la W3C, ambalo Tim Berners-Lee aliliasisi mwaka 1994, limekubaliana nalo kwamba HTML iwe moja. W3C kwa upande wake hutoa WCAG, yaani mwongozo wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999 na toleo la 2.2 mwezi Oktoba 2023. Shirika hilohilo hutoa WAI-ARIA, msamiati wa kuelezea vitu ambavyo HTML haina tagi zake. WCAG ina ngazi tatu, A, AA na AAA. Lenga AA, kwa kuwa ndiyo inayotajwa katika sheria na mikataba mingi. Hati zote hizi husomwa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia katika programu yake bila kulipa mrabaha. Uhuru huo ndio unaofanya programu huria kama NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, iweze kusimama sawa na programu za kulipia.

Anza na kitufe

Hakuna mfano unaofundisha zaidi ya kitufe kimoja cha kutuma fomu, kwa hiyo tukitazame kwa makini. Mjenzi mwenye haraka huchukua tagi ya div, ambayo ni kasha tu lisilo na maana maalumu, huipaka rangi, huizungushia kona, huiandikia neno "Tuma" na kuiunganisha na msimbo wa JavaScript unaosubiri kubofywa. Kwa macho na kwa kipanya, kitu hicho ni kitufe kamili. Lakini anayetumia kibodi hubonyeza Tab na kukiruka bila kujua kwamba kipo, na anayetumia kisoma skrini husikia neno "Tuma" likisomwa kama maandishi ya kawaida, bila dalili yoyote kwamba linabonyezeka.

Ukitaka kukirekebisha bila kubadili tagi, itakubidi uongeze tabindex yenye thamani 0 ili Tab ikifikie, kisha role ya button ili mti wa ufikivu ukitambue, kisha msimbo wa kusikiliza Enter na msimbo wa kusikiliza nafasi (Space). Hapo utagundua kwamba kitufe halisi huitikia Enter inapobonyezwa lakini huitikia nafasi inapoachiliwa, tofauti ambayo watumiaji wa kibodi wameizoea hata kama hawawezi kuieleza. Bado utakuwa hujaishughulikia hali ya kuzimwa, wala mwonekano wake pale mtumiaji anapowasha rangi za utofauti mkubwa katika Windows, ambapo usuli ulioupaka hubadilishwa na kitufe chako huenda kikabaki maandishi yasiyo na mpaka. Ukiandika tagi ya button, yote hayo hufanywa na kivinjari, na hufanywa vilevile katika kila kivinjari kwa sababu kiwango kimeyaeleza. Kumbuka tu kwamba button iliyo ndani ya fomu huituma fomu hiyo kwa chaguo-msingi; kama kazi yake ni nyingine, iandikie type="button".

Kanuni hiyohiyo itumie kwingine. Kinachompeleka mtu mahali pengine ni kiungo, nacho lazima kiwe na href, la sivyo Tab haitakifikia. Vichwa vya sehemu viandikwe kwa h1 hadi h6 kulingana na daraja la hoja, si kulingana na ukubwa wa herufi unaoupenda, kwa kuwa watumiaji wa NVDA na JAWS huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza H, na hivyo ndivyo wanavyoupitia ukurasa mrefu kwa haraka kama anayeona anavyoupitisha macho. Tumia main na nav kutenga maudhui na menyu.

Kila sehemu ya kujaza katika fomu iwe na label iliyofungwa nayo, ambapo for ya label inalingana na id ya sehemu husika. Maandishi hafifu yanayowekwa ndani ya kisanduku si mbadala wa lebo, kwani hutoweka mtu anapoanza kuandika, na anayerudi kuhakiki majibu yake hukuta visanduku visivyojieleza. Ujumbe wa kosa uunganishwe na kisanduku chake kwa aria-describedby ili usikike pamoja nacho. Picha zinazobeba maana ziandikiwe alt, yaani maelezo ya picha kwa maneno. Za mapambo zipewe alt tupu badala ya kuachwa bila alt, kwa sababu isipokuwepo kabisa baadhi ya visoma skrini husoma jina la faili.

Taja lugha ya ukurasa

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili, hili ndilo kosa dogo lenye madhara makubwa kuliko yote, nami ningependa kila msomaji wa mwongozo huu alikague leo. Violezo vingi vya tovuti huja na lang="en" katika tagi ya html, na mjenzi huandika Kiswahili ndani yake bila kuigusa. Kisoma skrini huitegemea sifa hiyo kuchagua kanuni za matamshi. Kikiambiwa ni Kiingereza, "pole" na "wake" husomwa kwa silabi moja moja, na sentensi nzima hugeuka kelele ambayo msikilizaji hulazimika kuibashiri. Andika lang="sw", kisha weka lang ya lugha nyingine kwenye nukuu au aya yake pekee. Sauti ya Kiswahili imo katika eSpeak NG, kitamkaji huria kinachokuja pamoja na NVDA, kwa hiyo anayekitumia husikia badiliko hilo mara moja.

Weka kipanya kando

Jaribio la kibodi halihitaji programu yoyote. Anzia juu ya ukurasa, songa mbele kwa Tab, rudi nyuma kwa Shift na Tab, na jiulize kila hatua kama unaona ulipo. Usipoona, huenda kuna mahali katika CSS, yaani msimbo wa mwonekano, ambapo mtu ameandika outline: none kwa kuwa mstari ule haukumpendeza. Uondoe msimbo huo, na kama mstari unaudhi kwa watumiaji wa kipanya, tumia :focus-visible, ambayo humwachia kivinjari uamuzi wa lini mstari uonekane. Mpangilio wa Tab hufuata mpangilio wa HTML, si wa CSS; ukisogeza vitu kwa sifa ya order, macho yataona mfuatano mmoja na kibodi itafuata mwingine.

Visanduku vya mazungumzo vinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kikifunguka kimoja, Tab haipaswi kuendelea kuzurura kwenye ukurasa ulio nyuma yake. Kwa miaka mingi jambo hili lilitatuliwa kwa maktaba nzito za JavaScript zilizotofautiana. Tangu Machi 2022 tagi ya dialog inafanya kazi katika injini zote kuu za vivinjari: ukiifungua kwa showModal, ukurasa wa nyuma hauguswi, Esc hukifunga kisanduku, na mtumiaji hurudishwa alipokuwa.

Kwa rangi, WCAG inataka utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa na mipaka ya vidhibiti. Kipimo hiki hakina huruma: kijivu #767676 juu ya nyeupe hufaulu kwa 4.54, ilhali #777777, ambacho jicho haliwezi kukitofautisha nacho, hushindwa kwa 4.48. Kisha kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye dirisha lenye upana wa pikseli 1280 na uhakikishe kwamba maandishi yanajipanga upya bila kumlazimisha msomaji kuviringisha kulia na kushoto. Usizuie kukuza kwenye simu. Vitu vya kugusa viwe na angalau pikseli 24 kwa 24, au viachiwe nafasi ya kutosha kati yao, na miondoko itulizwe kwa mtu aliyeomba miondoko ipunguzwe katika kifaa chake, jambo ambalo CSS hulitambua kwa prefers-reduced-motion.

ARIA hutumika pale HTML inapoishia

ARIA hubadilisha maelezo yaliyomo katika mti wa ufikivu na haibadilishi chochote katika utendaji. Ukiandika role="checkbox", umeahidi kisanduku cha tiki; kuitimiza ahadi hiyo ni juu yako. Ndiyo maana kanuni yake ya kwanza ni kutumia tagi ya HTML iwapo ipo. Inafaa zaidi kutaja hali, kwa mfano aria-expanded kwenye kitufe cha menyu, na kutangaza mabadiliko, kwa mfano aria-live kwa ujumbe wa "Imehifadhiwa". Eneo la aria-live lazima liwepo katika ukurasa kabla ya ujumbe kuingizwa. Likiongezwa pamoja na ujumbe wake, mara nyingi hakuna kinachosikika.

Jaribu katika injini zaidi ya moja

Chrome, Edge na Opera hutumia injini ya Blink, Firefox hutumia Gecko, na Safari hutumia WebKit. Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001, ilitawala kiasi kwamba tovuti nyingi zilijengwa kwa ajili yake peke yake, na kuziondoa kwenye utegemezi huo kulichukua miaka. Usirudie njia hiyo kwa kuuliza jina la kivinjari ndani ya msimbo. Uliza kama uwezo unaouhitaji upo, kwa CSS kupitia @supports. Jaribu NVDA pamoja na Firefox au Chrome, VoiceOver pamoja na Safari, na TalkBack pamoja na Chrome. Zana za kukagua kurasa kiotomatiki kama axe na Lighthouse zitakuonyesha alt iliyokosekana, lakini haziwezi kujua kama alt iliyopo inasema ukweli kuhusu picha, kwa hiyo sikiliza ukurasa mwenyewe, na ukiweza umwombe anayetumia kisoma skrini kila siku autumie huku ukinyamaza.

Ukikuta kosa lisilo lako, yaani HTML ni sahihi lakini injini moja inaieleza vibaya, liripoti kwenye hifadhi ya makosa ya kivinjari hicho. Tengeneza ukurasa mdogo kabisa unaoonyesha kosa hilo peke yake, taja matoleo ya kivinjari, kisoma skrini na mfumo endeshi, andika neno kwa neno ulichosikia, na uweke kando yake kifungu cha kiwango kinachosema kilichotakiwa kusikika. Kisha angalia kama kosa hilo linapimwa katika web-platform-tests, mkusanyiko huria wa majaribio ambao watengenezaji wa Blink, Gecko na WebKit huutumia kwa pamoja. Kama halipimwi, andika jaribio na uliwasilishe. Likikubaliwa, litaendeshwa dhidi ya kila injini, na litaendelea kushindwa hadharani hadi kosa lenyewe litakaporekebishwa.