Shemeji, Soma Hii Kabla Hujanunua Nyumba Tanga

Shemeji, huko Muscat umeshaulizia bei. Mimi naanza na historia. Aprili 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kutwaa majengo: nyumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 iliweza kuchukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali. Jengo lenye zaidi ya miaka 10 halikulipiwa fidia. Marehemu baba, fundi mwashi, alijenga baadhi ya kuta hizo, na alizitaja kwa huzuni mpaka mwisho.

Basi, jua kwanza unachonunua. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Ardhi ya 1999 humpa asiye raia ardhi kwa uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Usiandikishe kwa jina la mpwa wala rafiki. Nimemwona mgeni akilia kwenye matanga: mwenye jina kafariki, warithi hawamtambui, na mahakamani hana karatasi hata moja. Nakusihi, hili usilifanye.

Soma masharti ya hati ya ardhi, maana ukiyavunja inaweza kufutwa. Lipa kodi ya ardhi kila mwaka, tunza stakabadhi. Fedha zipite benki, na mthamini aliyesajiliwa aandike thamani: Katiba, ibara ya 24, inataka fidia mali ikitwaliwa, lakini utaidai kwa ushahidi. Kwa mradi mkubwa, ulizia bima ya MIGA, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, dhidi ya utaifishaji.

Nakala moja ya kila karatasi ibaki kwa dada, Muscat.