Somo: Mteja anaposema "sijui", na mazungumzo mengine magumu katika unasihi unaolenga ufumbuzi

Wenzangu wanasihi, leo tumshughulikie mteja anayekufungia mlango: anajibu kwa mkato, anafoka, au anakaa kimya akitazama dirishani. Naandika nikiwa Kigoma mjini. Mifano nimeichanganya na kuibadilisha ili mtu asimtambue jirani yake.

Njia hii, ya kumuuliza mteja anataka maisha yaweje badala ya kuchimbua tatizo, ilijengwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg pamoja na wenzao huko Milwaukee, Marekani, walikoanzisha kituo chao mwaka 1978. Mwaka 1984 de Shazer aliandika kwamba ule "ukaidi wa mteja" umekufa. Alimaanisha kuwa mteja anapokataa, anakuonyesha namna yake ya kushirikiana, na wewe ndiye wa kubadilika. Naliamini hili kwa moyo wote. Kila nilipomwita mteja mkaidi, nilipokumbuka kikao vizuri niliona nilikuwa nimeharakisha.

Hatua ya 1: Jua ni nani anayetaka nini

Wengi wanaokuja kwetu wameletwa. Kijana kaletwa na mama yake kwa sababu ya pombe, kanuna. Usianze na pombe. Muulize: "Mama akuone unafanya nini, ndipo aseme huna haja ya kurudi tena hapa?" Kijana huyo ana jambo moja analolitaka sana, nalo ni kutosumbuliwa tena. Anza nalo.

Hatua ya 2: Pole kwanza

Hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapoharibu. Wamefundishwa kwamba hatuchimbui tatizo, basi mtu akisema amefiwa na mtoto, wanarukia "ungependa nini kibadilike?" Mtu anaona amepuuzwa, sauti inapanda, kisha tunaandika kwenye faili kwamba mteja ni mgumu. Mpe pole ya kweli, ukae naye kimya. Swali la kesho litangoja.

Hatua ya 3: "Sijui"

Nyamaza. Usimjibie, wala usimrushie swali jingine. Pumua taratibu mara tano au sita. Mara nyingi "sijui" ni mlango wa kufikiria, na sisi tunaufunga kwa haraka yetu. Akibaki kimya, mwambie, "Ni swali gumu kweli," kisha lipitishe kwa mtu mwingine: "Dada yako angekuwa amekaa hapa, angesema ameona nini kwako?" Watu wengi wa kwetu huona aibu kujisifu kwa "mimi", lakini wanajua vizuri ndugu zao wanawaonaje.

Hatua ya 4: Swali la muujiza, na anayelikataa

Swali hili, linalomtaka mteja awaze kwamba tatizo limeondoka usiku akiwa amelala, lilizaliwa pale mteja wa Berg, aliyekata tamaa, aliposema labda muujiza tu ndio utakaomsaidia. Berg akaufuata huo muujiza, akamwomba mteja amweleze ungekuwaje. Ndiyo maana haifai kulikariri kama sala.

Mvuvi mmoja wa dagaa, aliyeyumba tangu ile miezi mitatu ya 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, nilimwambia: "Tuseme usiku umelala, muujiza ukatokea..." Akanikata: "Mama, mimi usiku silali. Usiku niko ziwani." Ni kweli, wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao giza linapoingia. Swali langu lilikuwa la mtu mwingine. Nikamwomba radhi, nikalijenga upya: umerudi mwaloni Kibirizi alfajiri, umeshusha mzigo, umefika nyumbani ukalala. Wakati umelala, yaliyokuleta hapa yakaondoka, ila hujui. Ukiamka mchana, nini cha kwanza kitakachokuonyesha? Akafikiri sana, akasema: "Nitamwita mwanangu nimuulize habari za shule." Tukafanya kazi na hilo. Yeye ndiye aliyelileta.

Hatua ya 5: Kipimo cha 0 hadi 10

Muulize leo yuko wapi, sifuri ikiwa hali mbaya kabisa na kumi ikiwa hali anayoitaka. Asiyezoea namba, tumia vidole vya mikono miwili. Akisema yuko sifuri, usimbembeleze apande. Muulize: "Pamoja na hali hiyo, umewezaje kuamka leo ukafika hapa?" Uliza kwa heshima na sauti ya chini, maana ukiuliza kwa uchangamfu atahisi unamdhihaki.

Mahali pa kusimama

Tunapenda kuuliza, "Ni lini tatizo halikutokea, na ulifanya nini tofauti?" Usimuulize hivyo mwanamke anayepigwa. Atasikia kwamba kipigo kinategemea mwenendo wake. Muulize analindaje nafsi yake na watoto, nani anajua, atakwenda wapi usiku wa leo. Umweleze kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii. Mtoto akiwa hatarini, namba ni 116. Na mtu akidokeza kujiua, muulize waziwazi kama anafikiria kufa na kama ana mpango. Usimwache peke yake, mfikishe hospitali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, mteja wangu ni mzee wa Ujiji. Kila nikiuliza ananiambia, "Wewe mtoto utanifundisha nini?"*

Marahaba mwanangu. Mkubalie, kwa sababu ni kweli. "Babu, sikuja kukufundisha. Umepita magumu mengi kabla sijazaliwa; uliyavukaje?" Usiseme hivyo kama mbinu. Sikiliza jibu kwa hamu, maana humo ndimo zilipo nguvu zake.

*Mteja anasema amerogwa. Nimwambie sivyo?*

Usibishane naye, wala usimthibitishie. Muulize siku hali hiyo ikimtoka atafanya nini ambacho leo hafanyi, na kama kipo kipande kidogo cha hilo ambacho tayari anakifanya. Akianza kumtaja jirani kwa jina na kusema atamwonyesha, hapo acha maswali ya kesho. Shughulikia usalama wa huyo jirani, na mjulishe msimamizi wako siku hiyohiyo.

*Mwalimu, wangu anasema, "Wewe ndiwe msomi, niambie cha kufanya." Nikirudisha swali anakasirika.*

Hasira yake ina haki, kalipa nauli toka Kasulu. Kama kuna taarifa anayohitaji, mpe bila kuzungusha: kliniki iko wapi, fomu inajazwaje. Kwa yale ya maisha yake, mwambie, "Nikikupa ushauri wangu leo, utajuaje kesho kutwa kwamba umekufaa?" Akijibu, tayari amekwambia anachokitaka.

*Analia kikao kizima, haongei.*

Mpe kitambaa na maji, ukae. Mwishoni muulize swali moja tu: angependa kurudi lini?